Simfonia za Florence Price: ushike Philadelphia au Fort Smith?

Simfonia (kazi ndefu za okestra zenye sehemu kadhaa) za Florence Price, mtunzi Mweusi wa Marekani, tulizonazo ni tatu: ya Kwanza, ya Tatu na ya Nne. Ya Pili haipo. Mwaka 2001 The Women's Philharmonic walirekodi ya Tatu wakiongozwa na Apo Hsu, na 2011 New Black Music Repertory Ensemble chini ya Leslie Dunner wakatoa ya Kwanza. Kwa muda mrefu aliyeulizia rekodi zake alitajiwa hizo mbili, basi. Leo kila simfonia ina rekodi mpya zaidi ya moja, na anayeanza anakwama kwa sababu nyingine kabisa: hajui ashike ipi.

Hapa tunapima seti mbili. Ya kwanza ni ya lebo ya Naxos, kondakta akiwa John Jeter (kondakta wa okestra, si wa daladala). Simfonia ya Kwanza na ya Nne zimepigwa na Fort Smith Symphony, albamu ya 2019. Ya Tatu imepigwa na okestra ya redio ya ORF ya Vienna, albamu ya 2021, pamoja na vipande viwili vingine: The Mississippi River na Ethiopia's Shadow in America. Seti ya pili ni ya lebo ya Deutsche Grammophon, The Philadelphia Orchestra ikiongozwa na Yannick Nézet-Séguin: ya Kwanza na ya Tatu (2021), kisha ya Nne pamoja na Negro Folk Symphony ya mtunzi William Dawson (2023). Albamu ile ya 2021 ilipata Grammy ya uchezaji bora wa okestra mwaka 2022, kwa hiyo ndiyo inayopendekezwa kila mahali.

Mwenye haraka achukue jibu hili: kwa simfonia ya Tatu nenda Philadelphia bila kusita. Kwa ya Kwanza, Philadelphia kwa sehemu ya pili, Fort Smith kwa sehemu ya tatu. Kwa ya Nne, zisikilize zote mbili, tena uanze na Fort Smith.

Kwa asiyemfahamu: Price alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, akasomea New England Conservatory mjini Boston na kumaliza 1906, akahamia Chicago 1927. Simfonia yake ya Kwanza ilishinda mashindano ya Rodman Wanamaker ya 1932, zawadi dola 500, na tarehe 15 Juni 1933 Chicago Symphony Orchestra ikaipiga chini ya Frederick Stock. Ilikuwa mara ya kwanza kwa okestra kubwa ya Marekani kupiga simfonia ya mwanamke Mweusi. Baada ya hapo milango haikufunguka. Mwaka 1943 alimwandikia Serge Koussevitzky, aliyeongoza okestra ya Boston, akamweleza waziwazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake. Koussevitzky hakupiga kazi yake hata moja. Price akafariki 1953. Mwaka 2009, katika nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois, ambako zamani alikuwa akienda kupumzika, yakakutwa marundo ya nota zake, na ndani yake simfonia ya Nne na konserto mbili za fidla (kazi za mpiga fidla mmoja na okestra).

Sasa tuje kwenye dansi iitwayo juba, maana hapo ndipo kila rekodi ya Price inapojulikana imeiva au bado.

Simfonia ya kawaida ya Ulaya huweka dansi katika sehemu ya tatu, iwe minueti au skezo. Price katika simfonia zake zote tatu ameweka juba, dansi ya watumwa wa Kusini mwa Marekani. South Carolina ilipiga marufuku watumwa kupiga ngoma kwa sheria ya 1740, mabwana wakihofia watumwa wasiitane kwa maasi. Watu wakageuza mwili kuwa ngoma: viganja, mapaja, kifua, kisigino sakafuni. Price alichofanya ni kuugawa mwili huo kwa okestra. Ala za nyuzi za chini zinashika hatua, moja-mbili, moja-mbili, bila kuyumba. Fidla zinakuja juu na wimbo unaokwepa pigo: fupi, ndefu, fupi. Msikilizaji aliyekulia kwenye chakacha au mdundiko haelezwi mara mbili, atajikuta mguu umeshaanza.

Lakini kwa okestra iliyozoea watunzi wa Ulaya kama Brahms, huo ni mtego. Hatua ya chini ikiwa nzito, wimbo wa juu hauna pa kurukia, na juba inakuwa gwaride. Kasi ikizidi, ile noti ndefu ya katikati inafupishwa, mkwepo unapotea, na muziki unabaki kuwa wa katuni. Kasi inayofaa ni ile ambayo mtu angeweza kujipiga mapaja na makofi kwa dakika tatu mfululizo bila kukosea. Jaribu mwenyewe wakati rekodi inapiga. Ukishindwa kufuata, kosa huenda si lako.

Kwa kipimo hicho, juba ya simfonia ya Kwanza ni bora kwa Fort Smith. Sauti yao ni kavu, ala za kugonga ziko mbele, na ile filimbi ya kuteleza (yenye kijiti unachokivuta sauti ikapanda na kushuka) inasikika kama mzaha wa makusudi, jinsi Price alivyokusudia. Philadelphia wana nyuzi laini zaidi na wanauviringisha wimbo kwa utamu mkubwa, ila mwangwi wa ukumbi unameza mapigo ya ngoma. Unabaki na dansi nzuri sana ya watu waliovaa viatu vya ngozi.

Mambo yanageuka kwenye sehemu ya pili ya simfonia hiyohiyo, na hapa panastahili kukaa kidogo.

Sehemu hiyo, Largo (yaani polepole sana), imejengwa juu ya tenzi aliyoitunga Price mwenyewe kwa ala kumi za shaba: pembe nne, tarumbeta mbili, tromboni tatu na tuba moja. Aliyewahi kuimba kwaya ataijua mara moja: mstari wa tenzi, pumzi, mstari mwingine, pumzi. Katika kila pumzi filimbi na klarineti zinaitikia kwa sauti ndogo, kama akina mama wa viti vya nyuma wanaoitika baada ya mchungaji. Chini kabisa kuna ngoma, ambazo Price aliandika ziwe za Kiafrika, kubwa na ndogo, zikipigwa taratibu. Mwishoni kengele za mirija zinaingia na klarineti inazunguka juu ya tenzi. Ni takriban dakika 12, na hakuna kinachotokea zaidi ya hicho. Ndiyo maana ubora wa shaba unaamua kila kitu.

Shaba za Philadelphia zinaanza noti bila mkwaruzo na kuiacha noti ife yenyewe. Nézet-Séguin anaziachia pumzi zote, hata ukimya una uzito. Fort Smith ni okestra ya mji mdogo, katika jimbo alimozaliwa mtunzi, na wanapiga kwa imani kabisa, lakini mistari mirefu inawachosha midomo. Mwisho wa baadhi ya mistari noti inashuka kidogo kabla ya wakati, na Jeter anasukuma mbele ili kuwaokoa. Hilo si dhambi, ila tenzi ikikimbizwa inaacha kuwa tenzi.

Sehemu ya kwanza ya simfonia hii ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo inayowachosha wengi. Siri ya kuifuata ni kuushika wimbo wa mwanzo unaopigwa na basuni. Upo kwenye ufunguo wa E ndogo na unatumia noti tano tu. Kwa wanaosoma solfa: la, do, re, mi, so, hakuna fa wala ti. Uimbe mara tatu kabla hujaendelea. Kila utakapopotea katikati, tafuta noti hizo tano, zitakurudisha barabarani. Wapo wanaosema hii ni Dvořák, mtunzi wa Kicheki, aliyepakwa rangi, na kweli ufunguo ni uleule wa simfonia ya Tisa ya Dvořák, na Price hakuuchagua kwa bahati mbaya. Tofauti ni kwamba Dvořák alizisikiliza nyimbo za watumwa akiwa mgeni wa miaka michache, Price alizikuta nyumbani.

Kasoro ya simfonia ya Kwanza ni ya mtunzi, hakuna rekodi itakayoiponya: kichwa kikubwa, mkia mfupi. Kati ya dakika 40 hivi, juba na sehemu ya mwisho kwa pamoja hazifiki dakika 10. Sehemu ya mwisho inapita kama basi lisilosimama kituoni. Philadelphia wanaificha kasoro kwa kasi na umahiri. Fort Smith hawana nyuzi za kutosha kuificha, na fidla za juu zinasikika nyembamba, pengine zikivutana kidogo kwenye tuni.

Ya Tatu ni kama kazi ya mtu mwingine. Iliandikwa baada ya miaka ya kusikiliza na kuchuja, ikapigwa mara ya kwanza Detroit mnamo Novemba 1940. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alisikia mazoezi yake na akaisifu kwenye safu yake ya gazeti. Inafungua kwa shaba nzito zenye giza, unadhani umeingia kwenye opera ya Wagner, halafu tuni inaanza kuteleza kwa hatua nzima-nzima na hujui tena ufunguo uko wapi. Tenzi na nyimbo za kiroho zimo bado, ila zimevunjwavunjwa na kuchanganywa kwenye unga, hazikuwekwa juu kama mapambo. Juba yake ina sehemu ya katikati inayojinyoosha kwa mdundo wa habanera, dansi ya Kuba, na hapo Philadelphia wanajua kulegeza mabega bila kupoteza hatua. Vienna kwa Jeter ni safi, kila sauti iko mahali pake, lakini ni usafi wa chumba cha hoteli. Wanahesabu. Kwa simfonia hii Philadelphia hawana mpinzani kati ya hizi mbili, na kama una nafasi ya albamu moja tu ya Price, iwe hiyo, uanze na ya Tatu, namba zisikuongoze.

Albamu ya Vienna usiitupe, kwa sababu ya Ethiopia's Shadow in America, kazi ya 1932 yenye sehemu tatu fupi: kufika kwa mtumwa, uvumilivu wake na imani, kisha kuzoea kwake nchi mpya. "Ethiopia" hapo ni jina la zamani la Afrika nzima, si nchi ya Addis Ababa. Vienna wanaipiga vizuri. Ila kuna rekodi nyingine inayowapita kwa moto, ya New York Youth Symphony chini ya Michael Repper (Avie, 2022), vijana watupu, ambayo ilipata Grammy ileile ya uchezaji wa okestra mwaka 2023. Humo pia Michelle Cann anapiga konserto ya piano ya Price yenye sehemu moja. Konserto hiyo inaishia kwa kipande ambacho ni juba kwa tabia, ijapokuwa haijaandikwa jina. Cann ana mkono wa kushoto unaojua kutembea.

Sasa simfonia ya Nne, ya 1945. Hii Price hakuisikia maishani mwake. Ilipigwa kwa mara ya kwanza 2018, na waliofungua ni haohao Fort Smith na Jeter. Jambo hili lina athari unayoweza kuisikia, si la kihistoria tu. Simfonia ikifanyiwa mazoezi, mtunzi huketi ukumbini na kalamu: hapa tromboni zinaifunika obo, punguza, hapa viola hazisikiki, ziongezewe klarineti. Ya Nne haikupitia mikono hiyo. Kuna mahali ala nyingi zinapiga wimbo mmoja kwa nguvu sawa, na kondakta ndiye anayelazimika kufanya kazi ambayo mtunzi angeifanya kwenye mazoezi: nani akae chini, nani apande.

Jeter anaingilia kidogo tu. Unasikia nota jinsi zilivyoandikwa, msongamano ukiwemo. Nézet-Séguin anapanga upya uzito wa sauti kila ukurasa, na wimbo wa kiroho "Wade in the Water" unaochomoza katika sehemu ya kwanza unang'aa kana kwamba umesafishwa. Ndiyo maana tunasema anza na Fort Smith: usikie kwanza karatasi ilisema nini, ndipo usikie okestra kubwa iliifanyia nini. Kinyume chake haifanyi kazi. Ukianza na Philadelphia, Fort Smith wataonekana wamekosea mahali ambapo hawakukosea.

Kazi ya Dawson iliyowekwa pamoja na ya Nne inastahili makala yake. Negro Folk Symphony ilipigwa mara ya kwanza na Philadelphia hawahawa mwaka 1934 chini ya Leopold Stokowski, na Dawson akaifanyia marekebisho 1952 baada ya kusafiri Afrika Magharibi, akaimarisha midundo. Sehemu ya pili inaanza kwa mapigo matatu ya upatu. Hakikisha unayasikia yote matatu hadi mwisho wa mlio. Kama huyasikii, tatizo ni kifaa chako.

Na vifaa ndivyo vinavyoharibu rekodi hizi kuliko okestra yoyote. Spika ya simu haitoi besi ya chini, kwa hiyo ngoma za Largo zinapotea kabisa na utaapa kwamba hazikurekodiwa. Tumia hedifoni, hata za bei ndogo, au spika yenye besi ya kweli. Zima kisawazisha ukubwa wa sauti (volume normalization) kwenye programu yako, kwa sababu kinaweza kupandisha sehemu tulivu na kushusha yenye kishindo, na tofauti kati ya Largo na sehemu nyingine inapungua. Ukishakizima, weka ukubwa wa sauti kwa kupiga kwanza nusu dakika ya mwisho ya sehemu ya nne, mahali penye kelele kuliko pote. Ikikaa sawa hapo, rudi mwanzo na usiguse tena. Wanaopandisha sauti kwa sababu basuni ya mwanzo ni ndogo ndio wanaorushwa na tarumbeta dakika chache baadaye.

Upande wa bando: kwa ubora wa kilobiti 256 kwa sekunde, dakika moja inakula karibu MB 2, kwa hiyo simfonia ya Kwanza nzima ni kama MB 80. Ukichagua ubora kamili usiopoteza chochote (lossless) inaweza kuvuka MB 200. Kwa kusikiliza mara ya kwanza 256 inatosha, tofauti utaisikia kwenye mikia ya kengele na upatu tu. Pakua nyumbani kwenye waifai kabla ya kutoka, maana mtandao ukikatika katikati ya tenzi hakuna cha kurudisha ile hali. Akaunti za bure zinaweza kuchanganya mpangilio wa sehemu au kupenyeza tangazo kati ya ya pili na ya tatu. Hapo ni afadhali CD, na za Naxos kwa kawaida huuzwa bei ya chini kuliko za Deutsche Grammophon.

Kutafuta nako kuna ufundi wake. Ukiandika "Price" pekee utaletewa Leontyne Price, mwimbaji mkubwa wa opera, ambaye siye tunayemtafuta hapa. Andika "Florence Price" halafu uongeze jina la kondakta, Jeter au Nézet-Séguin. Jaribu pia "Florence B. Price", kwa kuwa baadhi ya albamu zimehifadhiwa chini ya jina hilo na hazionekani kwenye ukurasa wa kwanza. Mfano ni Catalyst Quartet, albamu ya pili ya mfululizo wao Uncovered (Azica, 2022), yenye kazi zake za ala za nyuzi na piano.

Aliyezimaliza simfonia na anataka kipande kifupi achukue konserto ya pili ya fidla ya 1952, kwa Randall Goosby na Philadelphia (Decca, 2023). Ni sehemu moja, kama robo saa, imebana, haina neno la ziada. Kwa piano peke yake yupo Samantha Ege na albamu yake ya Fantasie nègre (Lorelt, 2021). Ile ya kwanza kati ya fantasia hizo, ya 1929, inachukua wimbo wa kiroho na kuuvalisha mavazi ya Chopin na Liszt, kisha inauvua tena taratibu. Sikiliza mkono wa kushoto pale wimbo unaporudi mara ya mwisho.